Wote Tulizaliwa Ng'ambo

4 Februari

Mume wangu,

Nimefika salama, ila mgongo si wangu tena. Nimepanga chumba juu ya duka la fundi saa. Saa zake hazikubaliani hata moja, kwa hiyo saa sita inanipigia kwa muda wa robo saa nzima.

Ofisi ya Tume ilikuwa ghala la magunia. Tumepewa meza ndefu, na juu yake nchi yetu, vipande vitatu, kama walivyotuachia wale wageni watatu waliotutawala. Mmoja alipima kwa maili, mwingine kwa kilomita, wa tatu nadhani alipima kwa kukisia. Nimeutafuta mto wetu. Unatoka kwenye ramani ya kaskazini ukiwa mnene kama kidole, halafu unaingia kwenye ya kusini kilomita tatu upande wa mashariki, mwembamba kama uzi. Hapo katikati hakuna mto kabisa. Kazi yangu ya kwanza ni kuuunganisha, na wewe unauvuka kila asubuhi bila kulowa.

Mwenyekiti wetu ni jaji mstaafu. Jana alituambia, "Uhuru tumeshaupata. Sasa tutafute nchi yenyewe iko wapi." Tulicheka, yeye hakucheka. Tunatakiwa kuigawa mikoa kumi na mmoja kabla mwaka haujaisha. Mchoraji mwenzangu tunamwita Miwani, maana anavaa jozi mbili, moja puani na moja kipajini.

Tumeapishwa. La ofisini halitoki nje, hata kwa mume. Basi nitakuandikia ya chumbani. Asubuhi natia chai vikombe viwili kwa mazoea, kisha nakunywa vyote viwili.

Msalimie Mama. Miezi mitatu si mingi.

Mkeo

20 Februari

Bi Ramani wangu,

Barua yako nimeisoma kwanza peke yangu, kisha nikamsomea Mama nikiruka ya vikombe. Akaniambia, "Umeruka kitu." Mkunga wa miaka thelathini na tano humfichi kitu tumboni wala mdomoni.

Shule ina watoto mia mbili na kumi na wawili, na chaki ya wiki moja. Nusu ya watoto wanavuka daraja kutoka upande wetu, nusu ni wa kule kule mashariki, na mvua ikinyesha wote wana kisingizio kimoja. Mganga wa hospitali ameomba darasa moja apangie vitanda. Nimemwambia achukue langu, nitafundishia uwanjani.

Mama mzima. Mguu unamsumbua kidogo, si jambo la kukunyima usingizi.

Nyumba imekuwa kubwa. Sikujua kumbe ni wewe uliyekuwa unaijaza, maana mwili wenyewe huna.

Mumeo, Mwalimu

6 Aprili

Mume wangu,

Nisamehe kimya. Miezi mitatu imekuwa minane. Mwenyekiti ametutangazia kama mtu anayetangaza mvua, hakuna wa kumlaumu.

Wiki hii nimetolewa kwenye karatasi niliyokuwa nachora na kupewa mikoa ya jangwani, kule mwisho kabisa, ambako hata majina ya visima yamefutika. Usiulize kwa nini. Nilifanya lililo sawa, ndiyo maana linauma.

Kuna jambo nililiona mezani siku hiyo, nikalishika mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Siku moja nitakusimulia.

Mguu wa Mama vipi? Hujautaja katika barua zako mbili za Machi.

Mkeo

2 Mei

Kwa mchora ramani,

Gazeti limefika. Ukurasa mzima ni ramani ya mikoa, na mstari mweusi umepita katikati ya mto wetu. Upande wa soko na nyumba zetu ni Mkoa wa Nane. Upande wa shule na hospitali ni Mkoa wa Tisa. Chini wameandika kwamba kila mtu ataandikishwa katika mkoa aliozaliwa, na huko ndiko atakakosoma, atakakotibiwa na atakakoajiriwa.

Mwezi wa tatu mji huu ulituma waraka kwa Tume. Sahihi mia nane, nyingine za dole gumba. Tuliomba jambo moja tu: tutieni mkoa wowote mpendao, ila mtutie sote. Waraka ule niliuandika mimi. Sikukwambia, nisije nikakuweka njia panda. Nilijiambia, ataujua mwandiko wangu, na hata akinyamaza, mkono wake hautaupitisha mstari juu ya mji wake mwenyewe.

Mstari ni mzuri. Umenyooka. Hata pale mto unapojikunja penye mawe umeufuata sawasawa. Ni mtu anayeujua mto huu tu ndiye angeuchora hivyo.

Mwalimu

25 Mei

Mkwe wangu, binti yangu,

Anaandika fundi cherehani wa jirani, mimi nasema. Nimemwapisha asiongeze lake.

Mumeo hakuandikii, najua. Na wewe umeandika mara mbili, barua ziko chini ya godoro lake hazijafunguliwa. Nimeziona, sikuzigusa. Mtu mzima kununa ni kama mtoto kukataa kutoka: ukimvuta unaumiza wawili. Lakini akizidi kukaa, mkunga hana budi kuingiza mkono. Ndio huu.

La kwanza. Mguu wangu si "kidogo". Umevimba hadi gotini, na moyo nao umechoka, daktari kasema. Tangu mwezi wa pili navushwa kwenda hospitali kwa mkokoteni wa magunia, mara mbili kwa wiki. Mwanangu amekuficha ili uchore kwa raha. Mimi sikukubaliana naye, lakini nani anamsikiliza mgonjwa.

La pili. Sijui uliuchora wewe au la. Kama ni wewe, niambie mimi, nitajua cha kumwambia. Kama si wewe, mwambie yeye.

La tatu. Nusu ya mji huu nimeupokea kwa mikono yangu, na wa mwanangu bado. Sisemi kitu. Nimetaja tu.

Mama Mkunga

3 Juni

Mume wangu,

Hii ifungue. Zile mbili zitupe, nilivyojitetea humo ni upuuzi.

Mstari umeshatoka gazetini, kwa hiyo naweza kusema: haukuuchora mkono wangu. Siku waraka wenu ulipofika, aliyefungua bahasha alikuwa mimi. Kabla sijasoma neno niliona ile "k" yako yenye mkia. Nilisoma mara tatu. Si kwa sababu ya hoja. Nilitaka tu kukaa na mwandiko wako.

Kisha nikasimama, nikaenda kwa Mwenyekiti, nikamwambia, "Huu ni mwandiko wa mume wangu, na mji huu ni wangu."

Akaniuliza, "Kuna mtu angejua kama usingesema?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini umesema?"

Nikamwambia kiapo nilikula mbele yake, si mbele ya watu wengine. Akanitoa kwenye karatasi ile siku hiyo hiyo. Aliyechora ni Miwani, ambaye mto wetu hajawahi kuuona. Ule mkunjo wa penye mawe ulikuwa tayari kwenye ramani. Niliuchora mimi mwezi wa pili, nilipokuwa naunganisha mto. Nilikuwa nachora mto tu. Sikujua nachora ukuta.

Sasa nakaa na hili: ningenyamaza, pengine ningebaki mezani na kuwasemea. Nimelala na wazo hilo tangu Aprili. Usinipe lawama nyingine, hiyo inanitosha.

Na wewe unaniambia mguu "kidogo". Mama anavushwa kwa mkokoteni wa magunia, mimi huku nachora visima. Ungenipa hata nafasi ya kuhangaika naye.

Mkeo

12 Juni

Mke wangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama uwanjani mbele ya darasa la nne. Nikawaambia wachore chochote wanachotaka. Wamenichora nikilia. Wamezidisha.

Kichwa changu kigumu, uliolewa nacho ukijua. Nilitaka nipate wa kumlaumu mwenye uso, maana Tume haina uso. Uso niliokuwa nao karibu ni wako. Nisamehe.

Ya Mama nilikuficha kwa sababu nilijua ungerudi kesho yake, na nilijua ungejuta. Au nilitaka tu niwe mtu anayeweza peke yake. Siwezi. Kila nikimpandisha mkokotenini ananiambia, "Mkeo hushika upande wa kichwa, wewe unanishika kama gunia kweli."

Sasa sikia. Tume imetangaza itasikiliza wananchi kabla ya sheria kupitishwa. Wanakuja kwetu tarehe mosi Julai, shuleni. Utakuja nao? Nimeshapiga chokaa ukuta wa mbele.

Mumeo

20 Juni

Mume wangu,

Sitakuja. Mwenyekiti amesema mwenye maslahi haingii kwenye msafara. Nilimwambia nitakaa nje ya ukumbi, sitafungua mdomo. Akasema, "Mama, ukikaa nje tu wote watakuwa wanakutazama wewe." Ni kweli, na ukweli wake haunisaidii.

Anakuja Miwani. Mpokee vizuri, hana ubaya, anafuata wino ulipo. Atakaa kwenye kiti changu cha dirishani, sina wivu. Ninao.

Siwezi kukufundisha la kusema. Hilo kiapo kinakataza, na hata kisingekataza, mwalimu ni wewe.

Mwambie Mama ninamshika upande wa kichwa kutoka huku.

Mkeo

3 Julai

Mke wangu,

Nakuandikia yote kwa mpangilio, usije ukasikia robo kwa Miwani.

Walikuwa watatu, na Mwenyekiti katikati. Walikaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamewafika kidevuni. Mimi nilizungumza kwanza. Nilieleza daraja, soko, shule. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba miji sabini imesema hayo hayo, kila mmoja una mto wake au barabara yake, na mstari lazima upite mahali. Nilikaa chini. Nilihisi nimeshindwa mbele ya watoto wangu.

Ndipo Mama akasema kutoka kwenye kiti chake pale mlangoni, "Baba, naweza kuuliza?"

Alikuwa amekuja na madaftari yake. Unayakumbuka, yale manane aliyofungia kamba sandukuni, ya kila mtoto aliyempokea. Sikujua kayabeba. Alikuwa ameyakalia.

"Gazeti limesema mtu ni wa mkoa aliozaliwa," akasema.

"Ndivyo, mama."

"Wodi ya wazazi iko upande huu wa mashariki. Ng'ambo ile hakuna, wala haijawahi kuwapo. Humu kuna watoto elfu tatu mia sita na kumi na wawili. Nimeandika siku, jina la mama, na anakotoka. Elfu mbili na ushee wanatoka ng'ambo ile. Wote walizaliwa hapa. Mimi mwenyewe nilizaliwa hapa, na mwanangu huyu."

Mwenyekiti akainua kichwa.

"Sasa nauliza," Mama akasema. "Huo Mkoa wa Nane mtamwandikisha nani huko kwetu? Mtakuta nyumba zimejaa watu wa Mkoa wa Tisa. Mama anazaa hapa, anavuka daraja na mtoto mgongoni, anafika nyumbani na mgeni. Labda mbuzi. Mbuzi wanazaliwa huko huko."

Watu walicheka, hata Miwani. Mwenyekiti hakucheka, kama ulivyosema. Aliomba daftari moja. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza, "Hapa mbele ya majina mengine umeweka nukta. Ni nini?"

"Hao hawakuishi, baba. Lakini walizaliwa."

Akafunga daftari taratibu, akalirudisha kwa mikono miwili.

Hawakuahidi kitu. Jioni Miwani alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti chako. Alitazama sana mto. Alisema, "Kumbe una sauti."

Mama amelala tangu jana. Sikufichi tena: siku ile ilimla nguvu.

Mumeo

11 Julai

Mume wangu,

Miwani amerudi. Nilimsubiri mlangoni kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke kwa daktari. Hatukuzungumza kazi hata neno moja, aliogopa na mimi niliogopa. Nilimuuliza tu pazia la dirishani lina rangi gani sasa. Akasema hakuliona pazia. Nikamuuliza kama wewe umekonda. Akasema hakujua ulivyokuwa kabla. Wanaume ni watu wa bure kutumwa.

Halafu akakumbuka. Akasema wakati anaondoka ulimshikia koti, ukamkung'uta vumbi begani bila kufikiri, kisha ukarudisha mkono haraka kama uliyeungua. Unanikung'uta mimi hivyo nikitoka. Niliingia chooni nikakaa huko mpaka macho yakauke.

Mwambie Mama apumzike. Madaftari arudishe sandukuni, asiyakalie tena.

Mkeo

29 Agosti

Mume wangu,

Limekwisha tangazwa, kwa hiyo naweza kusema. Mji wetu mzima ni Mkoa wa Tisa, ng'ambo zote mbili. Najua mmeshasikia kwenye redio, lakini nilitaka usikie kwangu pia. Mwenyekiti alisema kikaoni kwamba kwa miezi minane alikuwa akitafuta mahali nchi inapoanzia, na akaonyeshwa na mkunga.

Lakini mstari lazima upite mahali. Umesogezwa magharibi hadi chini ya kilima cha wachoma chokaa. Wale wamebaki Mkoa wa Nane. Nyumba sitini.

Waraka wao umefika jana, siku tano baada ya muda kufungwa. Sahihi arobaini, karatasi ya daftari la shule, nadhani la shule yako. Umeandikwa kwa mwandiko mnene ulioinamia kushoto. Nimeutazama sana. Mahali fulani yuko mwanamke anayeujua mwandiko ule kama ninavyoujua wako.

Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini Septemba. Narudi nyumbani. Nimeshanunua kitambaa kipya cha pazia, kwa kuwa hilo la zamani halionekani hata na mwenye miwani miwili.

Mkeo

7 Septemba

Mke wangu,

Mji ulipiga ngoma siku mbili. Fundi cherehani alimshonea Mama gauni, amelivaa kitandani. Hawezi kusimama tena. Daktari amesema tusihesabu mwaka. Nakwambia kama ilivyo.

Watoto wa wachoma chokaa ni kumi na wanane shuleni kwangu. Jumatatu walikuja kama kawaida, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Hakuna aliyewaambia wasije. Shule ya mkoa wao iko kilomita arobaini. Niliita majina yao kwenye daftari la mahudhurio, wakaitika.

Nilimsomea Mama barua yako yote, sikuruka. Ilipofika habari ya nyumba sitini akaniambia nisimame hapo. Akafikiri. Kisha akauliza, "Na hao, wake zao wanazalia wapi?"

Nikamwambia, "Hapa, Mama. Unawajua wote."

Akasema, "Ninawajua." Akageukia ukutani, hakutaka nimalize barua.

Uje. Tarehe thelathini nitaomba ruhusa nije hadi kituoni.

Mumeo

15 Septemba

Mume wangu,

Barua hii nimeianza mara nne.

Nilipeleka swali la Mama kwa Mwenyekiti. Akafungua kabati, akanionyesha. Kuna nyaraka za aina ile arobaini na moja, zote zimechelewa, kutoka kila pembe. Kijiji kimekatwa na kisima chake. Makaburi yako mkoa mmoja na wafiwa mwingine. Akaniambia sheria inaruhusu mapitio ya miezi mitatu, lakini hana mtu. Wachoraji wote wamechoka, wanataka kwao.

Nikamwambia hata mimi nataka kwetu.

Akasema, "Ndiyo. Ndiyo maana ningependa awe wewe."

Ule wa wachoma chokaa siruhusiwi kuugusa, uko jirani mno na nyumbani. Miwani ameuchukua, amesema safari hii atakwenda kutazama kilima kwanza. Zinabaki arobaini za watu nisiowajua, katika mahali nisipopajua. Sijasaini. Nimemwambia naomba kwanza nimwandikie mume wangu, na mama yake.

Ninaogopa neno la daktari. Nikibaki, huenda Mama asinisubiri. Nikirudi, nitakuwa nakaa dirishani natazama mto mzima usio na mstari, nikijua kabati lile limefungwa. Niambie lolote utakalo na nitalifanya. Sikwambii hivi kwa adabu. Nimechoka kuamua peke yangu.

Mkeo

22 Septemba

Mke wangu,

Siku mbili sikumsomea Mama barua yako. Nilitaka iwe yangu, nikujibu ninavyotaka mimi, na ninavyotaka unajua. Ya tatu nikamsomea.

Alisikiliza hadi mwisho. Akasema nimwinue, akakaa. Akasema mwanamke aliyekwisha shika uchungu wa mtu haondoki chumbani kwa sababu kwake kunapikwa. Kisha akaniuliza miezi mitatu inaishia tarehe ngapi. Nikamwambia mwisho wa Desemba. Akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akiwahesabia wajawazito, akasema, "Inawezekana."

Basi saini. Nimekasirika, nina hamu nawe mpaka naongea na kiti, na wewe saini. Anza na wa makaburi.

Mama amenikataza kukuandikia kwamba anakungoja. Kwa hiyo hilo sijaliandika.

Mumeo, Mwalimu